Kinga ya Mmoja na Msitu wa Wote

Wahenga waliposema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, walikuwa na kinga za aina fulani akilini mwao. Maji ya kunywa yachemshwe, mtoto asilale bila ya kufunikwa, mwenye ndui atengwe. Kinga za namna hiyo zina sifa moja ambayo aghalabu haitajwi kwa kuwa ni dhahiri mno: hazimpunguzii jirani kitu. Anayechemsha maji yake hakiharibu kisima, na anayelala ndani ya chandarua cha kitambaa kitupu hamwongezei mbu ukali. Walakini katika miaka ya karibuni imezuka kinga isiyokuwa na sifa hiyo, na imekuja pamoja na jambo jengine zito, nalo ni aibu.

Kinga yenyewe ni kumeza kiuavijasumu baada ya tendo la ndoa, au la nje ya ndoa, kabla ya maradhi yoyote kujitokeza. Dawa inayotumika ni doksisaiklini, miligramu 200 kwa mara moja, ndani ya saa 72. Si dawa ngeni. Imekuwamo madukani tangu mwaka 1967, na ni ya ukoo mmoja na tetrasaiklini, zile kapsuli za rangi mbili ambazo vizazi kadhaa vya watu wa Afrika ya Mashariki wamezinunua moja moja, kwa jipu, kwa tumbo na kwa mengine yasiyosemwa mbele ya watu. Kilicho kipya ni wakati wa kuimeza. Huko Ufaransa, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionesha kwamba klamidia na kaswende zilipungua kwa kiasi cha asilimia 70 miongoni mwa walioimeza. Jaribio la San Francisco na Seattle, lililotangazwa mwaka 2023, likaonesha kwamba klamidia, kaswende na kisonono kwa jumla vilipungua kwa thuluthi mbili hivi. Waliochunguzwa katika majaribio yote mawili walikuwa wanaume wanaolala na wanaume, pamoja na watu waliozaliwa wanaume na wanaishi kama wanawake. Mwezi wa Juni 2024 idara ya serikali ya Marekani inayodhibiti maradhi ikatoa mwongozo kwamba watu wa makundi hayo, ikiwa wamekwishaugua mojawapo ya maradhi hayo katika miezi kumi na miwili iliyopita, waelezwe habari za dawa hii na madaktari wao.

Je, na wanawake wa Afrika? Swali hilo lilipelekwa Kisumu, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Wanawake 449, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, ambao tayari walikuwa wameandikiwa vidonge vya kujikinga na virusi vya ukimwi, waligawiwa makundi mawili. Kundi moja lilipewa doksisaiklini ya kumeza baada ya kila tendo. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida, yaani kupimwa kila baada ya miezi mitatu na kutibiwa anayeonekana kuwa na ugonjwa. Mwaka mzima ulipita. Matokeo yalichapishwa mwezi wa Disemba 2023: maambukizo 109 kwa jumla, 50 katika kundi lililopewa dawa na 59 katika kundi jengine. Tofauti ya namna hiyo hata bahati nasibu inaweza kuileta. Dawa iliyokuwa shujaa San Francisco ilionekana Kisumu kama haipo.

Na kwa kiasi kikubwa, kweli haikuwepo. Wanawake walipoulizwa, wengi wao walijibu kwamba wanameza. Watafiti wakachukua nywele za wanawake 50 kati yao, kwa kuwa unywele huhifadhi ndani yake athari ya dawa iliyopita mwilini, na katika sampuli 200 zilizopimwa ni 58 tu zilizoonesha dalili ya dawa, sawa na asilimia 29. Kinywa kilisema hivi na unywele ukasema vile.

Hapa ndipo suala linapotoka mikononi mwa madaktari. Ni rahisi kusema kwamba wanawake hao walidanganya, na asiyependa kufikiri anaweza kuishia hapo. Lakini kuna jawabu ambalo si kweli na si uongo kwa maana ya mahakamani, bali ni adabu. Mtu anayepokewa vizuri, akapimwa bure, akatibiwa bila ya kukaripiwa, akiulizwa kama anafuata maelekezo atajibu kwa namna ambayo haitamvunja moyo aliyemuuliza. Watu wa Pwani wanaijua adabu hiyo vyema, kwani mgeni akiulizwa kama ameshiba hasemi kwamba chakula kilikuwa kidogo. Kosa, kama lipo, ni la kuuliza swali ambalo adabu imeshalijibu kabla.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Chandarua hakimtaki mtu akiri chochote, kwa sababu mbu ni adui wa wote na kumwogopa si fedheha. Kapsuli hii humtaka anayeimeza akiri, ndani ya siku tatu, kwamba kitanda alichotoka hakikuwa salama. Akiri kwa nafsi yake kwanza, kabla ya mtu mwengine yeyote. Mwanamke aliyempa mwanamume imani yake, na ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya imani hiyo, kodi ya chumba na ada ya mtoto zikiwemo, akimeza anajitolea ushahidi dhidi ya nyumba yake mwenyewe. Asipomeza, imani hubaki. Huenda wanafalsafa wakaliita jambo hilo kujidanganya. Jina hilo ni kali mno. Mara nyengine mtu hachagui baina ya kujua na kutojua. Huchagua baina ya maradhi yanayoweza kuja na upweke ambao hakika utakuja. Haikuthibitika kwamba kila mwanamke wa Kisumu alifikiri hivyo, na wala haiwezekani kuthibitika kwa unywele. Lakini anayetaka kuwahukumu lazima kwanza aieleze sababu nyengine iliyo bora.

Ajabu iliyoje kwamba dawa hiyo hiyo humezwa kila siku visiwani na hakuna anayeona haya. Baadhi ya watalii wanaoshuka Unguja, na wale wanaokwenda kuwatazama sokwe wa Gombe na Mahale, humeza doksisaiklini miligramu 100 kila siku ili kujikinga na malaria, tangu siku mbili kabla ya kufika mpaka wiki nne baada ya kuondoka. Kapsuli huwekwa juu ya meza ya kifunguakinywa, kando ya juisi ya embe, na muhudumu haangalii pembeni. Hakuna aliyewahi kumuuliza mtalii kama anaumaliza uwezo wa dawa ya wenyeji. Basi aibu haimo ndani ya kapsuli, na hofu ya usugu nayo haigawiwi kwa mizani iliyo sawa.

Kutoka Ziwa Viktoria hadi nyanda za juu za Kigoma ni safari ndefu, lakini ndiko swali hili linakopata sura yake kamili. Wilayani Kasulu kuna msitu wa Kagerankanda, ambao kwa miaka mingi umekuwa na mgogoro baina ya hifadhi na wakulima. Ardhi ya vilima vya Buha, tangu Heru hadi Muhambwe, imegawika vipande vidogo kwa kurithishwa baba hadi mwana, na mvua zinapokaribia watu huacha nyumba zao wakaenda kulima mbali, mahindi, maharage na mihogo, wakalala kwenye vibanda vya nyasi mpaka mavuno. Wapo waliolima kwa ruhusa, wapo waliolima bila ruhusa, na wapo walioondoshwa wakarejea. Mke hubaki nyumbani na watoto na wazee. Katika eneo hilo hilo kuna kambi za wakimbizi, Nyarugusu tangu mwaka 1996 na Nduta upande wa Kibondo, na palipo na kambi pana soko, na palipo na soko pana usiku wake.

Na ichukuliwe hali ya mkulima mmoja, ambaye si mtu maalumu. Amevuna, ameuza maharage, ana fedha mfukoni kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, na amelala nje usiku mmoja kabla ya kurudi. Asubuhi anapita kwenye duka la dawa muhimu na kununua kapsuli mbili. Anazimeza kwa maji ya chupa, anapanda baiskeli, anakwenda kwa mkewe. Je, mtu huyo amemlinda mkewe au amemficha?

Amefanya yote mawili kwa tendo moja, na ndiyo maana suala hili halikatiki kwa shoka. Katika maadili ya Pwani, na ya Waislamu kwa jumla, stara ni fadhila. Mtu aliyeteleza hatakiwi kuyatangaza makosa yake sokoni. Ajisitiri na atubie. Kwa upande huo, mkulima aliyemeza kapsuli zake kimya kimya amefanya ubora wa kile kilichobaki baada ya ubaya. Lakini stara humfunika mtenda kosa ili asidhalilike. Haikuwekwa ili mwengine adhurike chini ya kitambaa hicho. Mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Kapsuli mbili bila ya kipimo zinaweza kuishinda klamidia na kaswende iliyo changa, na wakati huo huo zikashindwa na kisonono kilichokwishazoea dawa hiyo. Mwanamume atajiona amesafika. Mkewe, ambaye mwili wake aghalabu hauoneshi dalili mapema, atabeba ugonjwa usiojulikana mpaka mirija ya uzazi izibe. Ugumba ukitokea, kijiji kitamuuliza nani? Wasemao kwamba mficha maradhi kifo humuumbua walimfikiria mgonjwa anayejificha mwenyewe. Hapa anayeumbuliwa ni mwengine.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wote huu ni wa bure, kwani dawa ya namna hii hufungua mlango wa zinaa, na mlango wa uharibifu huzibwa kabla haujapitwa. Hoja hiyo ni ya kale na ina heshima yake. Mwaka 1906, wanasayansi Metchnikoff na Roux walipoonesha mjini Paris kwamba malhamu ya zebaki ikipakwa mapema huzuia kaswende, walilaumiwa kwamba wameiondolea dhambi adhabu yake. Tanzania ilipoanza mwaka 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, mnong'ono wa namna hiyo hiyo ulisikika. Kasoro ya hoja hii ni kudhani kwamba adhabu humfika mkosaji. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba wajawazito wenye kaswende kali isiyotibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Watoto hao hawakufungua mlango wowote.

Kwa hivyo hoja ya zinaa haitoshi kuikataa kinga hii. Hoja inayoweza kutosha ni nyengine, na msitu wa Kagerankanda unaifundisha vizuri kuliko kitabu. Kila mkulima aliyeingia msituni na panga alikuwa na haki inayoeleweka: watoto wana njaa, ardhi ya nyumbani haitoshi, na mti mmoja si msitu. Hakuna aliyekata msitu. Kila mmoja alikata shamba lake. Na hata hivyo chemchemi hukauka, na anayekuja mwisho hukuta majivu. Uwezo wa dawa kuua vijidudu ni msitu wa aina hiyo, mali ya wote ambayo kila ameza hupunguza kidogo, kwa kuwa vijidudu vinavyosalimika ndivyo vinavyozaana. Tofauti ni kwamba msitu una mawe ya mipaka na askari wa misitu, na mtu akiukata huonekana. Kapsuli hukata gizani.

Ushahidi wa jambo hili upo wa siku nyingi. Mwaka 1979 ulichapishwa uchunguzi wa mabaharia wa jeshi la Marekani waliopewa minosaiklini, ndugu yake doksisaiklini, baada ya kukaa bandarini huko mashariki ya mbali. Kisonono kilichokuwa dhaifu kilizuiwa; kilichokuwa sugu kilipita kama kilivyo, na watafiti wenyewe wakaona kwamba kinga hiyo isingedumu, maana ingewachuja vijidudu na kuwabakisha wabishi. Huko Kisumu, vijidudu vya kisonono vilivyopimwa vyote vilikuwa tayari na usugu dhidi ya dawa za ukoo huo. San Francisco, dawa hiyo hiyo ilikipunguza kisonono kwa nusu hivi. Maana yake ni kwamba tajiri alipofika kwenye msitu huu alikuta bado miti, na maskini alipofika kwa mwaliko rasmi, akapewa panga na maelekezo, alikuta visiki.

Msomaji wa visiwani hahitaji kusimuliwa habari za visiki. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba, chungu yake inakumbukwa na kila aliyekuwa mtoto zama zile, na ikamalizika. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 na kushika dawa ya salfa, ambayo nayo haikudumu, mpaka dawa mseto ikaingia mwishoni mwa mwaka 2006. Zanzibar ilitangulia kuishika dawa mseto mwaka 2003. Baina ya dawa moja kuchoka na nyengine kufika, walikufa watoto.

Na doksisaiklini haiwaniwi na watu wa kitandani peke yao. Mwezi wa Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana kwa maelfu katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuo wa Tanganyika mkoani Kigoma, kipindupindu kiliingia na kuua. Jambo la kwanza kwa mgonjwa wa kipindupindu ni maji na chumvi. Lakini kwa aliyezidiwa, doksisaiklini dozi moja huyafupisha mateso. Dawa za ukoo huu hutibu pia homa ya papasi, ambayo watu wa nyumba za udongo wanaijua. Mkulima wa Kagerankanda anayetafuna akiba hii kwa ajili ya usiku mmoja huenda ndiye atakayeihitaji kesho kwa mtoto wa jirani.

Hata hivyo, mfano wa msitu usivutwe mpaka ukatike. Zipo nyakati ambapo kuwapa dawa wasiougua kumeokoa roho. Baina ya 2014 na 2017, watoto wadogo wa Niger, Malawi na wilaya ya Kilosa nchini Tanzania walipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka, wagonjwa na wazima, na kwa jumla vifo vilipungua kwa asilimia 13.5, zaidi Niger kuliko kwengine. Usugu nao uliongezeka. Nani atakayesimama mbele ya mama wa Niger amwambie kwamba mwanawe angeachwa afe ili dawa ibaki na makali? Ukali wa dawa isiyomponya mtu una thamani gani? Anayehifadhi msitu kwa kuwafungia nje wenye njaa anapaswa kueleza anamhifadhia nani.

Kanda ya Ziwa iliwahi kutoa mizani mbili za kulipimia jambo hili, na inasikitisha kwamba zinasahauliwa. Mwanza, baina ya 1991 na 1994, vijiji kadhaa viliboreshewa huduma ya wagonjwa wa zinaa katika zahanati za kawaida: dawa ziwepo, mganga ajue dalili, mgonjwa asikaripiwe, mwenzake aitwe. Maambukizo mapya ya virusi vya ukimwi yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Rakai, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, njia ya pili ilijaribiwa tangu 1994: kila mtu mzima alipelekewa dawa nyumbani kila baada ya miezi kumi hivi, awe mgonjwa au asiwe. Baadhi ya maradhi ya zinaa yalipungua, lakini maambukizo ya virusi hayakupungua. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu, kwani hatua ya janga haikuwa moja katika sehemu hizo mbili, na si haki kutoa hukumu nyepesi. Inabaki kwamba iliyofaulu ni ile njia iliyomtaka mtu aseme neno kwa mtu mwengine. Mgonjwa aliingia chumbani, akaeleza, akasikilizwa, akaambiwa amlete mwenzake. Kapsuli ya kumeza kimya kimya imekuja kuondoa hitaji la neno hilo, na wanaoisifu huhesabu hilo kuwa faida yake.

Uingereza ilianza mwezi wa Agosti 2025 kutoa chanjo dhidi ya kisonono, nchi ya kwanza kufanya hivyo, kwa kutumia chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo. Nguvu yake si kubwa, baina ya asilimia 30 na 40 kwa makadirio, lakini ni kinga ya aina ile ya wahenga: haikati mti wa mtu. Kutoka huko mpaka duka la Kasulu ni njia ndefu.

Dukani hapo, muuzaji hamuulizi mkulima kapsuli ni za nini, kwani kuuliza ni kumfukuza mteja, na mkulima hasemi. Miezi kadhaa baadaye mkewe, akiwa mjamzito, anakwenda kliniki kwa hudhurio la kwanza. Muuguzi anaandika jina lake kwenye kadi, anatayarisha kipimo cha damu cha virusi na kaswende, kisha anatazama mlangoni na kumuuliza kama baba wa mtoto amekuja naye.